Mgeni wa Upande wa Kushoto

Swali la kumi na moja ndilo lililowashtua wagonjwa wa Daktari Chepkosgei. Yale kumi ya mwanzo yalikuwa ya kawaida tu: mkono ulianza kutetemeka lini, choo kinapatikana, harufu ya moshi bado unaisikia, ukilala unapiga mateke. Halafu daktari aliinua macho kutoka kwenye karatasi akauliza, kwa sauti ileile ya kuulizia choo, "Je, kuna wakati unahisi mtu yuko karibu nawe, na hakuna mtu?"

Wengi walicheka. Lakini wapo walioacha kucheka katikati, wakamtazama mke au mtoto aliyewaleta, kisha wakainama mbele na kunong'ona, "Nani amekwambia?"

Chepkosgei alikuwa mzaliwa wa Bomet, bingwa wa magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu. Kila Alhamisi aliendesha kliniki ya ugonjwa wa Pakinsoni katika hospitali moja ya misheni iliyozungukwa na chai pande zote, hata ukifungua dirisha la chumba chake kijani kiliingia ndani. Kabla yake, mzee aliyeanza kutembea kama anayekanyaga matope aliambiwa ni uzee, au amelogwa, au apunguze pombe hata kama hajawahi kuionja. Kwa miaka miwili alikuwa amewakusanya wagonjwa tisini na sita, kutoka Kericho mjini hadi Mulot, na utafiti wake ulihusu jambo ambalo wagonjwa hawa huwaficha hata watoto wao: wale watu wasiokuwepo. Thelathini na wanane walikuwa wamekiri kwamba wanao.

Yeye mwenyewe hakuona ajabu. "Ubongo huchora picha ya mwili wako kila saa," aliwaeleza. "Ndiyo maana hata ukifumba macho unajua mkono wako uko wapi. Ugonjwa huu unaifanya hiyo picha iteleze kidogo. Kwa hivyo yule unayehisi amesimama nyuma yako ni wewe mwenyewe."

Wengi walifarijika wakisikia hivyo. Mzee Kepher hakufarijika.

"Kama ni mimi," alisema, "mbona ni mrefu kuliko mimi?"

Kepher Oketch alipanda huku kutoka Nyakach akiwa kijana, akawa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai kwa miaka thelathini na mmoja. Mkewe alikuwa amefariki, na sasa aliishi na binti yake Beldina, karani wa shamba moja kubwa karibu na Kericho, katika nyumba ya kampuni. Alikuwa mtu mfupi mwenye viganja vikubwa. Ugonjwa ulikuwa umemshika mwaka wa tisa: uso umekauka kama barakoa, sauti imezama, na kila alipofika mlangoni miguu iligoma kana kwamba sakafu imeishika.

"Unamwona?" daktari alimuuliza siku hiyo.

"Simwoni. Nikigeuka hayuko. Lakini ako hapa." Alionyesha kwa kidevu nyuma ya bega lake la kushoto. "Hatua moja tu. Anasimama. Ni kama mtu amekuja kwa nyumba ya watu na hajakaribishwa."

"Ni mtu unamfahamu? Ndugu? Mama Beldina?"

"Watu wangu nawajua, nyathina, mwanangu. Huyu ni mgeni." Akatafakari, kisha akaongeza kwa ile sauti yake ya mbali, "Wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huyu jembe nitampeaje?"

Chepkosgei alikuwa na jaribio lake dogo. Alimwambia mgonjwa ainue mkono wa kulia, kisha akamuuliza kama yule mwingine naye ameinua. Wagonjwa wengi walijibu ndiyo, na jibu hilo lilimpendeza, maana lilikubaliana na nadharia yake.

Kepher aliinua mkono, ukatetemeka hewani. Akainamisha kichwa kama anayesikiliza.

"Ameinua?"

"Hapana. Anakuangalia wewe."

Sista Adongo, muuguzi aliyekuwa akijaza vipimo vya shinikizo la damu pale kando, aliacha kuandika. Daktari aliandika: Hafuati mwendo wa mgonjwa. Kisha akageuza ukurasa upesi kuliko ilivyohitajika.

Beldina ndiye aliyetaka jambo hilo liishe. "Daktari, sasa anaongea na yeye. Asubuhi anamvutia kiti, anamkaribisha kwa Kijaluo. Anatembea akimfuata, ati mgeni ameinuka, ati mgeni anataka kuota jua. Majirani wameanza kusema nyumba yetu ina kitu."

Kulikuwa na njia rahisi. Kepher alikuwa akimeza kidonge kidogo cheupe cha kutuliza mtetemo, na kidonge hicho kwa wazee hujulikana kuleta mambo kama haya. Kazi yake ilikuwa mkononi tu, miguuni hakina msaada wowote. Chepkosgei alikisimamisha.

"Unataka kumfukuza?" Kepher aliuliza.

"Nataka kukutibu, mzee."

"Amekukosea nini?"

Daktari alicheka kwa upole, akampa Beldina kijitabu cha kuandika kila siku hali ya mgonjwa.

Tarehe kumi na mbili ya mwezi huo, Jumanne, mvua ya mawe ilipiga Kericho na Bureti nzima mchana kweupe. Chai ilichanika majani, mabati yakalia kama yanapigwa nyundo. Jioni yake Beldina aliandika neno moja katika kijitabu: Hayuko.

Alipompigia daktari simu wiki iliyofuata, sauti yake haikuwa ya mtu aliyepata alichokitaka. Baba yake alikuwa ameganda. Hakuwa tena anakwama mlangoni. Alikuwa anakwama kitini. Wakimwinua, alisimama palepale kama kisiki mpaka wamketishe. Alikuwa amegeuza kiti chake kikatazama mlango wa nyuma, ule unaofunguka moja kwa moja kwenye mistari ya chai.

Chepkosgei aliongeza dawa. Alimtuma mtaalamu wa mazoezi ya viungo, naye akabandika utepe wa rangi sakafuni ili miguu ipate mstari wa kuufuata, mbinu ambayo ilikuwa imewasaidia wengine. Kepher aliutazama utepe kama mtu anayetazama mto uliokauka. Katika vitabu vyote alivyosoma daktari, hapakuwa na sababu ya kidonge kile kuondoka na miguu ya mtu.

Mwalimu Janeffer alikuja kliniki Alhamisi ya tatu ya mwezi. Alikuwa mkuu wa shule mstaafu kutoka Roret, mjane mwenye ekari mbili za chai aliyoichuma kwa mikono yake mwenyewe. Ugonjwa wake ulikuwa bado mchanga. Alitumia dawa ya aina moja tu na kile kidonge cheupe hajawahi kukiona. Mara mbili alikuwa ameulizwa lile swali na mara mbili akajibu kwa dharau, "Mimi ni mzee wa kanisa, daktari." Siku hiyo aliingia na kufunga mlango mwenyewe.

"Ile maneno uliniuliza," alisema.

Daktari aliweka kalamu chini. "Yuko wapi?"

"Hapa." Mkono wake ulipanda kwenye bega la kushoto, haukuligusa. "Nyuma kidogo."

"Anafanya nini?"

"Anangoja. Kuna neno anangoja nimwambie, ndio atulie. Hilo neno ninalo, linanijia mdomoni nikichuma chai. Ila silielewi."

"Neno gani, Mwalimu?"

Janeffer aliona haya, kama mtoto aliyeambiwa asome kwa sauti. "Pet pin," alisema.

Chepkosgei alilitafuta neno hilo katika lugha yao, kwa maana wote wawili walilelewa ndani ya Kipsigis. Hakuliona. "Hiyo si Kipsigis."

"Najua si Kipsigis. Nimefundisha miaka thelathini na nne."

Sista Adongo alikuwa amesimama na mkanda wa kupimia shinikizo mkononi. "Bed piny," alisema taratibu, akiyanyoosha matamshi. "Ni Kijaluo. Ni kumwambia mtu aketi."

Mara tu alipotamka hivyo, Mwalimu Janeffer alishusha pumzi ndefu na mabega yake yakalegea. "Ndiyo," alisema. "Sasa ameketi."

Katika chumba kile kulikuwa na kiti kimoja kitupu, kando ya ukuta. Hakuna kati ya wale wanawake watatu aliyekitazama.

"Alianza lini?" daktari aliuliza hatimaye.

"Siku ya ile mvua ya mawe. Nilikuwa nimejikinga kwa kibanda cha kupimia chai, peke yangu. Halafu sikuwa peke yangu."

Mchana huo Chepkosgei alifanya alichofundishwa kufanya: alitafuta kosa. Alifungua daftari la kliniki. Kepher aliletwa Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, Janeffer ya tatu. Hawakuwahi kuketi benchi moja. Janeffer hakuwahi kufanya kazi kiwandani wala kuishi Nyanza kwa Wajaluo. Alimpigia profesa wake wa Nairobi, akamsimulia yote isipokuwa tarehe.

"Hayo mashamba ya chai yamejaa Wajaluo tangu enzi za mkoloni," profesa alisema. "Mama amelisikia hilo neno mahali akiwa msichana, ubongo umelitoa kabatini. Andika 'ndiyo' kwenye lile swali lako, songa mbele."

Lilikuwa jibu zuri, na kwa siku mbili lilimtosha. Siku ya tatu alimwomba Beldina picha ya kurasa za kijitabu, ikaja kwenye simu yake: tarehe kumi na mbili, Hayuko.

Janeffer alirudi kabla ya zamu yake. Alikuwa amekonda. Alisema ameacha kwenda kanisani kwa sababu mgeni anasimama naye anapopokea meza ya Bwana, na yeye hajui kama huyo mgeni amebatizwa. "Mtoe," alisema. "Una dawa ya kumtoa. Najua unayo."

Alikuwa nayo. Cheti cha dawa kilikuwa mezani, jina la mgonjwa limeshaandikwa. Lakini kalamu haikushuka. Chepkosgei alijikuta akiwafikiria wengine tisini na wanne: mfugaji wa Mulot ambaye hata kitanda chake alikiogopa, nyanya wa Kapkatet aliyeishi peke yake na ng'ombe mmoja, yule kijana wa miaka arobaini aliyekuwa bado hajamwambia mkewe. Mgeni akifukuzwa hapa, ni nani kati yao atakayejua la kumwambia?

Alijisikia akiuliza, kwa sauti isiyofanana na ya daktari, "Mwalimu, ungekubali tukaenda mahali?"

Walikwenda Jumamosi. Janeffer alibeba kibuyu kidogo cha mursik, maziwa ya kugandishwa, kwa sababu huendi kwa watu mikono mitupu hata ukiwa umepelekwa na daktari. Alikataa kuketi mbele. Aliketi nyuma, akajisogeza kabisa upande wa kulia, akaacha nafasi. Chepkosgei aliendesha gari kupitia Kapkatet na Litein huku kioo cha kutazamia nyuma amekiinua kikaonyesha paa. Walizungumza habari za bei ya mahindi na shule. Baada ya Litein ukungu ulishuka juu ya chai.

Beldina aliwapokea mlangoni. Alikuwa ameelezwa kwamba daktari analeta mgonjwa mwenzake baba aje amsalimu. Kepher alikuwa kitini mwake, mgongo kwao, amekabili mlango wa nyuma uliokuwa wazi. Nje, mistari ya chai ilionekana minne tu, ya tano imemezwa na weupe.

"Chamgei," Janeffer alisalimu, akavuka kizingiti. Kisha akasimama.

"Vipi?" daktari alinong'ona.

"Amebaki mlangoni. Hataki kuingia."

Chepkosgei aliona aibu ikimpanda shingoni. Miaka kumi na minne ya masomo, na sasa alikuwa amesimama katika sebule ya watu akimsubiri mtu asiyekuwepo aamue. Alikuwa karibu kusema waende zao.

Kepher hakugeuka. Kwa wiki nyingi sauti yake ilikuwa haivuki meza. Lakini aliposema, alisema wazi, kama fundi anayemwita mtu ng'ambo ya mashine:

"Bed piny."

Janeffer aliweka kiganja begani, akalipapasa bega lake kama mchumaji anayetafuta kamba ya kikapu alichokwisha kukitua. Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika. "Ameenda," alisema. "Daktari, ameenda."

Wakasikia kiti kikilia. Kepher alikuwa anainuka, bila mkono wa mtu. Alisimama wima, akageuka, akaitazama nafasi iliyokuwa kushoto kwake muda mrefu, na ule uso mkavu ukawa karibu kutabasamu.

"Amelowa," alisema. "Beldina, leta taulo."

Beldina alimtazama daktari. Akaingia chumbani, akarudi na taulo ya bluu, hakujua ampe nani, akaitundika kwenye mgongo wa kiti. Kepher alitikisa kichwa kwa shukrani. Kisha akaanza kutembea.

Chepkosgei alihesabu, kwa kuwa kuhesabu ndiyo kazi yake. Hatua kumi na nne, ndefu, mikono ikipunga, hakuna kusita. Alipoufikia mlango wa nyuma, ule uliokuwa umemshinda kwa miaka mitatu, hakukwama. Alijibana tu upande wa kulia wa fremu, kama watu wanavyofanya wanapopita mlango mwembamba wawili wawili, akatoka. Akaingia katika njia kati ya mistari ya chai na ukungu ukamfunika hadi kifuani.

"Baba!" Beldina aliita, akamkimbilia.

Janeffer alikuwa bado ameshika bega. "Yule ni mzee mpole," alisema. "Mimi sikuweza kumweka. Nilimwogopa."

Taulo ilibaki palepale kitini. Daktari alipita karibu nayo mara mbili akitafuta mkoba wake. Angeweza kuigusa ili ajue kama imelowa. Mtafiti yeyote angeigusa. Aliuchukua mkoba akatoka kwa mlango wa mbele.

Njiani kurudi Roret, Janeffer aliketi mbele.

Kepher aliishi miezi kumi na mmoja baada ya hapo. Chepkosgei hakumrudishia kile kidonge wala kumsimamishia kingine. Beldina aliwaambia majirani kwamba baba anafanya mazoezi aliyopewa hospitalini, na kila asubuhi walimwona mzee akitembea katikati ya chai, kichwa kimeelekea kushoto kidogo, akiongea. Kifua ndicho kilichomwondoa, msimu wa mvua ndefu, kama kinavyowaondoa wengi wenye ugonjwa huo. Siku mbili kabla, alimwambia binti yake kwamba mgeni ameaga.

"Nilimuuliza ameenda wapi," Beldina alimsimulia daktari baada ya mazishi, huko Nyakach, wakiwa wamesimama kando ya turubai na sahani za chakula mkononi. "Akasema mgeni haulizwi hivyo."

Sista Adongo, aliyekuwa amefuatana na daktari, aliweka sahani yake chini bila kumaliza.

Kwa miezi minne baada ya mazishi Chepkosgei aliiogopa kila Alhamisi. Aliwauliza wote. Mfugaji wa Mulot alisema anaona watoto wadogo kwenye zizi, ni wale wale wa siku zote. Nyanya wa Kapkatet alisema hapana. Janeffer alisema hapana, akaongeza kwamba amerudi kanisani na kwamba mara moja moja, akichuma chai upande ule wa kibanda, hujikuta ameacha nafasi. Hakuna aliyetaja mtu mrefu anayesimama nyuma ya bega la kushoto akingoja. Daktari alipaswa kufurahi. Badala yake alianza kuwatazama watu wazima na wenye afya, barabarani na benki, wale wanaotembea wameinamisha kichwa upande mmoja.

Aliandika makala yake. Ilikuwa na majedwali manne, na kila mgonjwa alikuwa namba. Jarida liliipokea vizuri, isipokuwa mhakiki mmoja alikuwa na swali kuhusu mgonjwa namba kumi na saba, mwanamke wa miaka sitini na sita, ambaye hali hiyo ilimjia ghafla na kumwacha siku moja baada ya majuma matano. Mwandishi aeleze, mhakiki aliandika, ni badiliko gani la dawa lililosababisha nafuu hiyo.

Chepkosgei alianza sentensi, akaifuta. Akaanza nyingine, ndefu zaidi, yenye marejeo mawili ya vitabu, akaifuta pia. Nje wachumaji walikuwa wanarudi na vikapu, wakicheka kwa lugha tatu. Mwishowe aliandika kwamba hapakuwa na badiliko lolote la dawa. Aliisoma mara moja, akaona ni kweli tupu, akaituma.